Kandambili, muhogo na ini: shajara ya mradi wa polisakaridi, Kigoma

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimeanza kwa hasira kidogo. Juzi niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanitajie polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, wakazimwaga kama kasuku: wanga, glaikojeni, selulosi, kitini, hizi za akiba, hizi za ujenzi. Nikauliza: haya, kama wanga na selulosi vyote vimejengwa kwa sukari ya glukosi tupu, kwa nini mbuzi anashiba majani, ambayo yamejengwa kwa selulosi, na wewe ukila majani makavu utakufa njaa? Kimya. Mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, mbuzi amezoea."

Jibu hilo ndilo lililozaa mradi huu. Nataka sanduku moja lenye vitu viwili: mifano ya molekuli ya kushika mkononi, na polisakaridi halisi zilizotolewa kwenye vitu vya hapahapa Kigoma. Maabara ya shule siipati, mitihani ya kidato cha nne iko Novemba na vifaa vimeshahesabiwa na kufungiwa. Kwa hiyo maabara ni jiko langu hapa Mwanga, mjini Kigoma. Naandika kila hatua na gharama yake, ili mwalimu wa Kasulu au Uvinza akitaka kurudia asipotelee nilikopotelea mimi.

Leo ni wanga. Kazi yenyewe kila mtu anaijua: muhogo kilo tatu, nikamenya, nikakwaruza kwenye bati la matundu, nikakamua kwa kitambaa ndani ya ndoo ya maji, nikaacha utuame, nikamwaga maji ya juu, nikarudia mara tatu, nikaanika. Jioni nina unga mweupe unaolia "kwii" ukiuminya kati ya vidole.

Kosa la kwanza likaja hapohapo. Nilikoroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto mpaka ukawa uji mwepesi, nikadondoshea iodini ungali unatoa mvuke. Hakuna kitu. Nikaongeza matone, hakuna. Nikaanza kumlaumu moyoni muuza duka la dawa kwamba kaniuzia chupa iliyopitwa na wakati. Nikatoka kuanua nguo. Niliporudi baada ya robo saa uji umepoa, na ni mweusi wenye ubluu kama wino.

Sababu ni hii. Wanga si molekuli moja, ni mbili. Ya kwanza ni amilosi, mnyororo mrefu wa glukosi usio na matawi, uliojiviringisha kama chemchemi ya kitanda. Kila mzunguko una glukosi sita hivi. Iodini huingia katikati ya ule mviringo na kujipanga mstari, na rangi ya bluu inatokana na mpangilio huo. Ukichemsha, mviringo unalegea, iodini inatoka, rangi inakwenda. Ukipoa, inarudi. Muuza duka nimemwomba radhi kimoyomoyo, na kosa nimeligeuza kuwa somo: kikombe kilekile nimekipasha na kukipoza mara tatu, bluu ikaondoka na kurudi mara zote tatu.

Ya pili ni amilopektini, yenye matawi, na ndiyo nyingi: kwenye mimea mingi amilosi ni asilimia 20 hadi 30 tu ya wanga wote. Muhogo una amilosi kidogo kuliko mahindi, ndiyo maana uji wa wanga wake unang'aa na kuvutika kama gundi. Ugali wa mahindi uliolala ukawa mgumu ni amilosi hiyohiyo: minyororo iliyotawanywa na maji ya moto inarudi kulaliana na kubana.

Gharama: muhogo 3,000, iodini ya kuoshea vidonda 3,500. Jumla 6,500.

Jumamosi, 12 Oktoba

Selulosi ilipaswa kuwa kazi ya dakika tano. Karatasi ni selulosi, iodini haibadilishi selulosi, basi: dondosha tone kwenye karatasi, waonyeshe watoto kwamba inabaki kahawia, twende mbele. Nilichana ukurasa wa daftari nikadondosha. Ukawa bluu iliyokolea.

Nikakaa nikauangalia ule ukurasa kama mtu aliyesalitiwa. Nikachukua karatasi ya kuchapishia: bluu. Nikaingia chumbani nikatoa kanga mpya, ile ambayo bado imekauka kama bati, nikadondosha tone kwenye pindo (pindo la ndani, sijarukwa na akili): nyeusi. Nikachukua kanga ya jikoni, ya miaka minne, iliyofuliwa mpaka imelainika: kahawia ya iodini tu, hakuna badiliko.

Kanga mbili ndizo zilizonipa jibu. Kanga mpya hukakamaa kwa sababu imetiwa stachi kiwandani, na stachi ni wanga. Karatasi nayo hupakwa wanga ili wino usisambae. Kumbe nilikuwa napima wanga uliopakwa juu ya selulosi. Suluhisho: pamba ya duka la dawa. Haijapakwa kitu, na zaidi ya asilimia 90 yake ni selulosi. Tone la iodini likabaki kahawia, likaoshwa kwa maji likaondoka.

Ushauri kwa atakayerudia: usiifiche karatasi. Iweke mezani pamoja na pamba na kanga mbili, waache wanafunzi wagombane wenyewe. Mfaransa Anselme Payen alipoitenga selulosi mwaka 1838 kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuondoa kila kisichohusika mpaka kibaki kimoja kilekile kutoka mimea mbalimbali.

Kijana wangu wa darasa la sita, ambaye sasa anadondoshea iodini kila kilichomo ndani ya nyumba, amepima kitunguu akaja kunishitakia kwamba hakibadiliki. Ni kweli. Kitunguu hakiweki akiba ya wanga. Kinaweka sukari na fruktani, minyororo ya fruktosi. Si kila akiba ya mmea ni wanga, na hilo sikuwa nimelipangia nafasi kwenye sanduku. Sasa lina nafasi.

Gharama: pamba 2,500, waya mwembamba wa mifano 2,000. Jumla mpaka leo 11,000.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku ya mifano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mradi ulipovunjika na ndipo uliposimama.

Wiki nzima nilikusanya vizibo vya soda. Mpango ulikuwa: kizibo kimoja ni glukosi moja. Nikavitoboa katikati, nikavitunga kwenye waya kama shanga, mnyororo mmoja wa wanga, mmoja wa selulosi, nikaviweka kwenye mfuko. Leo kijana wangu akavitoa akauliza, "Mama, wa wanga ni upi?" Nikaangalia. Sikujua. Vilikuwa sawasawa kabisa.

Nilijisikia vibaya zaidi kuliko siku ya karatasi, maana kosa hili si la vifaa, ni langu. Nilikuwa nimetengeneza kwa mikono yangu lile jibu la "mbuzi amezoea". Mfano usioonyesha tofauti kati ya wanga na selulosi unamwambia mwanafunzi kwamba tofauti haipo, akariri tu.

Tofauti iko wapi basi? Laza pembesita mezani, hiyo ndiyo glukosi moja. Kona moja ni oksijeni. Kona tano ni kaboni namba 1 mpaka 5, na namba 6 inachomoza nje, juu ya ile ya 5. Kaboni ya 4 ina mkono unaoelekea chini. Kaboni ya 1 nayo ina mkono, lakini huo unaweza kuwa chini au juu: ukiwa chini glukosi hiyo inaitwa alfa, ukiwa juu inaitwa beta. Sasa unganisha mbili, kaboni ya 1 ya huyu na kaboni ya 4 ya jirani. Zinapoungana molekuli moja ya maji inatoka, kwa hiyo glukosi iliyokuwa na uzito wa 180 inabaki 162 ndani ya mnyororo. Kwenye alfa hakuna shida: mkono wa huyu uko chini, wa jirani uko chini, wanashikana. Kwenye beta mkono wa huyu uko juu na wa jirani uko chini. Hawafikiani. Ili washikane jirani lazima apinduke, tumbo juu. Na jirani wa jirani apinduke tena. Mnyororo mzima unakwenda wima, kichwachini, wima, kichwachini.

Kumbe kinachotakiwa ni kitu chenye mgongo na tumbo vinavyotofautiana. Nilikuwa nimekaa barazani nawaza hayo, miguu nimeinyoosha mbele, na nikaiona: kandambili. Nyeupe juu, bluu chini.

Nilikusanya jozi nne zilizokatika mikanda, mbili zangu, mbili za majirani, nikapeleka kwa fundi viatu na kipimo cha pembesita nilichokata kwenye boksi. Akazigeuzageuza akasema, "Madamu, hizi ni za kuchezea bao?" Soli moja inatoa vipande kumi na viwili. Soli nane, vipande tisini na sita. Sita viliharibika, vikabaki tisini. Kila kipande nimekiandika namba 1 hadi 6 kwa kalamu ya wino mzito, upande wa nyeupe na upande wa bluu, na kwenye kona ya 5 nimechomeka kijiti cha kiberiti kuwa kaboni ya 6.

Nikaunganisha kwa waya vipande kumi na nane vya alfa. Vyote vyeupe juu, vijiti vyote vinatazama upande mmoja. Nikaunganisha kumi na viwili vya beta: nyeupe, bluu, nyeupe, bluu, kijiti juu, kijiti chini. Nikaviweka sakafuni. Kijana wangu akiwa mlangoni, hata hajakaribia, akasema, "Huo wa rangi mbili ndio tofauti." Basi, nikajua kazi imekwisha.

Mengine yakaja yenyewe. Waya za alfa ukizikunja kidogo zote upande uleule, mnyororo unajiviringisha, sita kwa mzunguko, na kalamu inapita katikati kama iodini. Waya za beta ukijaribu kuzikunja hivyohivyo, kila kipande kinafuta mkunjo wa mwenzake na mnyororo unabaki umenyooka. Iliyonyooka inalaliana: nimetengeneza safu ya pili ya kumi na viwili, nikazifunga pamoja kwa uzi hapa na pale kuwa viungo vya haidrojeni. Uzi mmoja unakatika kwa kidole. Nyuzi ishirini sikuweza kuzikata. Mti wa mninga unasimama kwa uzi wa namna hiyo, na pamba inalowa bila kuyeyuka kwa sababu hiyohiyo.

Gharama: fundi viatu 5,000. Jumla 16,000. Vizibo nimempa kijana, anatengeneza njuga.

Jumamosi, 26 Oktoba

Glaikojeni. Nimeshindwa.

Hii ni akiba ya glukosi ya wanyama, na ini ndilo ghala lake. Nilinunua nusu kilo ya ini la ng'ombe sokoni saa nne asubuhi, nikapitia mboga, nikapitia msiba wa jirani, nikafika nyumbani alasiri. Nikasaga ini na mchanga safi kidogo, nikachemsha kwenye maji, nikatia siki kidogo ili protini zigande, nikachuja. Maji yakawa meupe ya kupenya, kama maji ya dafu. Iodini: rangi ileile niliyoipata kwenye kikombe cha maji matupu nilichokiweka pembeni. (Weka hicho kikombe. Iodini yenyewe ni kahawia, na rangi ya glaikojeni ni ya wekundu-kahawia. Bila kikombe cha kulinganishia utajidanganya.)

Kwa hasira nikapima sukari, kwa myeyusho wa Benedikti nilioazima shuleni, ule unaotengenezwa kwa mrututu. Ukawa mwekundu wa tofali papo hapo. Ini langu lilijaa glukosi na halikuwa na glaikojeni.

Mwaka 1855 Claude Bernard, Mfaransa, alipitisha maji kwenye ini mpaka sukari yote ikaisha, akaliacha, na kesho yake akaikuta sukari imerudi. Akaelewa kwamba ndani ya ini kuna kitu kinachozaa sukari, na mwaka 1857 akakitenga na kukiita jina hilo, kizaa sukari. Mimi nimerudia jaribio lake bila kukusudia. Vimeng'enya vya ini haviachi kazi ng'ombe anapokufa. Vinaendelea kukata glaikojeni kuwa glukosi, na kila saa ya joto la Kigoma ni saa ya kazi kwao. Tena ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa ametembea siku nzima bila kula kabla ya kuchinjwa, akawa ameshaimaliza akiba yake njiani.

Gharama: ini 6,000. Jumla 22,000. Tumelila kwa ugali.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimepatana na muuza nyama. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa machinjioni na chupa ya chai yenye maji yanayochemka, kisu na ubao. "Madamu, ini la saa hizi la nini?" Nikamwambia ni la kufundishia. Hakuniamini, lakini aliniuzia kwanza kabla ya wengine, kutoka kwa ng'ombe aliyelala zizini na majani yake.

Siri yote ni hii: ini likatwe vipande vidogo na litumbukie kwenye maji ya moto ndani ya dakika chache. Joto linaviua vimeng'enya pale pale na glaikojeni inabaki ilivyo. Nyumbani nikarudia hatua za wiki iliyopita. Safari hii maji yaliyochujwa yalikuwa na ukungu mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Nikatia chumvi kidogo na spiriti ya asilimia 95 niliyochota shuleni, kiasi mara mbili ya maji. Wingu jeupe likatokea na kutuama. Nikamimina ya juu, nikayeyusha mashapo kwenye maji kidogo, iodini: wekundu-kahawia wa mbao ya mninga iliyopigwa msasa. Kikombe cha kulinganishia kikabaki manjano.

Mbona si bluu kama ya muhogo, na kiungo ni kilekile, alfa, 1 kwa 4? Kwa sababu ya matawi. Tawi huanzia kwenye kaboni ya 6, ile ya kijiti. Kwenye amilopektini tawi linatokea kila baada ya glukosi 24 hadi 30. Kwenye glaikojeni kila baada ya 8 hadi 12. Vitawi vifupi hivyo haviwezi kujiviringisha mizunguko ya kutosha kuipanga iodini mstari mrefu, na mstari mfupi hautoi bluu.

Gharama: ini jingine 6,000. Jumla 28,000. Chupa ya chai inanuka ini na haitarudi mezani; sikuihesabia bei, lakini wewe ihesabie.

Jumamosi, 16 Novemba

Kitini. Nimeunguza sufuria ya watu.

Kitini ni selulosi iliyobadilishwa mahali pamoja: mnyororo wa beta uleule, lakini kwenye kaboni ya 2 badala ya mkono wa kawaida kuna kikundi chenye naitrojeni. Hujenga ganda la kaa, bawa la kumbikumbi na kuta za seli za uyoga. Kwenye uyoga ndiko Henri Braconnot alikoikuta mwaka 1811, kabla hata selulosi haijapata jina. Nilichagua kaa wa ziwani, wale wadogo wa chini ya mawe ambao jenasi yao, Platythelphusa, ipo Ziwa Tanganyika tu. Sikumuua hata mmoja. Watoto wa Katonga waliniokotea maganda makavu ufukweni.

Ganda lina vitu vitatu vilivyoshikamana: chokaa, protini na kitini. Chokaa huondolewa kwa asidi, protini kwa magadi makali. Siki ilifanya kazi yake vizuri, maganda yakatoa mapovu siku mbili, nikabadilisha siki mara tatu, yakawa laini ya kukunjika kama karatasi ya plastiki. Hatua ya pili nikaenda kwa jirani anayetengeneza sabuni za mawese kuomba kostiki soda robo, na sufuria, maana langu lilikuwa na maharage. Nikapima gramu 40 kwa lita moja ya maji, nikabandika jikoni.

Sufuria lilikuwa la alumini. Najua, najua. Nafundisha kemia. Baada ya dakika tatu maji yalikuwa yanatoka povu kabla hata hayajapata moto, yakawa ya kijivu, na harufu ikanikaba koo. Kostiki soda inakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, na mimi nilikuwa nimeliweka juu ya mkaa unaowaka. Nikatoa watoto nje, nikaepua kwa kitambaa kirefu, nikamwaga kwenye shimo la mchanga na maji mengi. Sufuria lina vishimo kama uso wa ndui. Jirani akaliangalia akasema, "Mwenzangu, sisi tunatumia pipa la plastiki miaka yote hii, ungeuliza."

Ningeuliza.

Gharama: siki 2,000, kostiki 1,500, glavu 1,000, sufuria jipya la jirani 14,000. Jumla 46,500.

Jumapili, 24 Novemba

Nimerudia kwa njia ya jirani. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maji kwanza halafu soda kidogo kidogo (usigeuze mpangilio huo, itakurukia usoni), glavu, miwani, ndoo juani siku mbili bila moto. Maji yakawa ya rangi ya chai: hiyo ni protini inayotoka. Nikasuuza mpaka maji yasiteleze tena kwenye vidole. Kilichobaki ni vipande vyepesi, vyeupe vya kupenya mwanga, vinavyokunjika bila kuvunjika. Haviyeyuki kwa maji ya moto wala spiriti, na iodini haivitii bluu. Pengine protini kidogo bado imeng'ang'ania. Kwa darasa inatosha. Vitabu vinasema ukiendelea na kostiki kali zaidi na moto mkali utapata kitosani, inayoyeyuka kwenye siki. Mimi na moto na kostiki tumeachana.

Mfano wake umenichukua dakika kumi. Nimechukua safu moja ya selulosi na kuchomeka kipande cha mkanda mwekundu wa kandambili kwenye kila kaboni ya 2.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa, mapumziko. Nimepiga kura mapema nikarudi kwenye matawi.

Vipande vilivyobaki ni arobaini na nane. Mara ya kwanza nikajenga amilopektini kwa kuweka tawi kila baada ya vipande vitano, kwa sababu inapendeza macho. Nilipomaliza ikawa ni glaikojeni iliyopitiliza. Nikabomoa. Sasa ni mnyororo wa ishirini na sita wenye tawi moja la ishirini na mbili. Unaonekana mtupu, lakini ndio ukweli. Halafu vipande vilevile arobaini na nane nikavijenga upya kuwa glaikojeni, minyororo mitano mifupi.

Hesabu ncha. Vimeng'enya vinavyotoa glukosi huanzia kwenye ncha za nje, kama watu wanaokula muwa. Amilopektini yangu ina ncha mbili, glaikojeni ina tano, kwa idadi ileile ya glukosi. Mhogo shambani hauna haraka. Mtu anayekimbizwa na mbwa anazo sekunde chache tu, na misuli yake inahitaji glukosi nyingi zifunguke kwa pamoja. Vilevile kila mfano, hata wenye matawi, una mwisho mmoja tu wenye kaboni ya 1 iliyo huru, na huo ndio unaoweza kuigeuza Benedikti. Mwisho mmoja kwa maelfu ya glukosi ni kidogo mno kuonekana, ndiyo maana wanga mtupu hautoi rangi ya tofali mpaka utiwe mate na kukatwakatwa.

Jumanne, 3 Desemba

Darasani. Saa mbili za vipindi, wanafunzi thelathini na nne, meza tano.

Kilichokwenda vibaya: Benedikti kwa mate. Kikundi kimoja kilichanganya mate na uji uliokuwa bado wa moto, kimeng'enya kikafa, hakuna sukari. Kikundi cha pili kilipata rangi ya tofali vizuri sana, nikagundua mwenye mate alikuwa anatafuna muwa wakati wa mapumziko. Asukutue kinywa kwanza, na uji uwe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Kilichokwenda vizuri: nilichanganya vipande vya kandambili kwenye kapu bila kusema neno, nikawaambia meza mbili zijenge mnyororo ambao vijiti vyote vinatazama juu, na meza tatu zijenge ambao vinapishana. Baada ya hapo nikatoa koleo la karatasi nililokata likae sawasawa juu ya kiungo cha alfa, nikasema, hiki ni amilesi, kimeng'enya cha mate yako, kata. Likakaa kwenye mnyororo mweupe kila mahali. Kwenye wa rangi mbili halikukaa popote. Mwanafunzi wangu wa "mbuzi amezoea" aliligeuza, akalipindua, akajaribu kulilazimisha, akaliweka chini. Nikamwambia mbuzi naye hana koleo la beta. Wanaolitengeneza ni bakteria na viumbe wengine wadogo walioko kwenye tumbo lake la kwanza. Akafikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo hajazoea. Amepangisha."

Ukirudia mradi huu bila makosa yangu, toa ini la kwanza na sufuria: 26,500 badala ya 46,500.

Sanduku bado lina upungufu mmoja mkubwa. Zote nilizojenga ni za aina moja ya sukari inayojirudia, na polisakaridi nyingi ni za mchanganyiko. Ukuta wa bakteria una sukari mbili zinazopishana zilizofungwa kwa vipande vya protini, na machozi yana kimeng'enya cha kukata kiungo chake. Asidi ya hayaluroni kwenye maungio ya magoti nayo ni sukari mbili kwa zamu. Mwani unaolimwa Zanzibar hutoa karaginani, minyororo ya galaktosi iliyobeba vikundi vya salfeti. Kwa hizo nahitaji kandambili zenye tumbo la kijani au jekundu. Fundi viatu ameahidi kuniwekea. Ameshapata moja, ya mguu wa kushoto.